Kisanduku cha "Watoto": niandike mmoja au wawili?

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma safu yako kwa miaka mingi, na kila mara nilijiambia kwamba mimi sina jambo la kukuletea. Leo ninalo. Naomba unisome mpaka mwisho, maana nikilieleza kwa ufupi linaonekana dogo, kama vile mtu mzima ameketi analilia fomu.

Nilihitimu chuo kikuu mwaka 2006. Mwaka huu darasa letu linatimiza miaka 20, na jumuiya ya wahitimu inaandaa siku ya kukutana, pamoja na toleo maalumu la jarida ambamo kila mmoja anaeleza habari zake kwa maneno yasiyozidi 60. Anayezikusanya ni rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu bwenini. Amenitumia fomu mara mbili. Mara ya pili aliongeza chini yake: "Umebaki wewe tu, mwenzangu."

Fomu ina visanduku vitano. Wadhifa wa sasa. Shahada ulizoongeza. Mwenza. Watoto (idadi na umri). Mafanikio mengine. Nimeifungua usiku, baada ya watu kulala, siku tisa mfululizo. Cha tatu najaza bila shida. Cha nne kinanishinda, nafunga.

Shangazi, mwaka 2016, tulipotimiza miaka 10, nilijaza fomu kama hii kwa furaha kubwa. Ilikuwa mwezi wa pili, tumbo limeshanikaa vizuri. Nikaandika kwamba nimeolewa, nimeanza masomo ya shahada ya uzamivu katika kemia, na kwamba mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza mwezi wa tano. Nakumbuka nilihesabu maneno nikakuta 61, nikafuta neno "sana" ili yatoshe.

Jarida lilitoka mwezi wa sita. Mtoto wetu alikuwa amezaliwa Aprili, wiki ya 37, akiwa ameshafariki tumboni. Wa kiume. Walinipa nikamshika kama saa moja hivi. Alikuwa na nywele nyingi, na kucha zake zilikuwa ndefu kidogo. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linalonirudia zaidi, kwamba kucha zake zilihitaji kukatwa.

Jarida lilipotoka, pongezi zikaanza kumiminika. Nilizihesabu: 31. Nilijibu zote kwa neno moja, "Asante." Sikuwa na nguvu ya kumweleza mtu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kueleza kulivyozidi kuwa kugumu. Mwishoni mwa mwaka ule niliacha masomo. Profesa wangu alinisubiri kwa muda mrefu, mimi ndiye sikurudi. Wala hilo sikumtangazia mtu.

Sasa ninasimamia maabara ndogo ya kupima maji, tuko watu wanne. Kazi ninaipenda. Asubuhi kabla wenzangu hawajafika huwa napanga chupa za sampuli kwa namba, nasikia jokofu likinguruma, moyo unatulia. Lakini nikiwaza kuiandika kwenye kisanduku cha kwanza, karibu na wenzangu ambao leo ni maprofesa na wakurugenzi, mkono unakuwa mzito. Mimi ndiye niliyeongoza darasa lile.

Mungu alitupa mtoto mwingine, wa kike. Ana miaka 6.

Kinachoniumiza zaidi sijakisema bado. Miaka miwili iliyopita, kwenye semina ya kazi, nilikutana na mwenzangu mmoja wa darasa. Tulikumbatiana. Ana mtoto wa kiume aliyezaliwa mwezi uleule ambao wangu alitarajiwa. Akaniuliza, "Wako naye si yuko darasa la pili?" Nikamjibu, "Ndiyo, la pili." Akauliza anapenda nini. Nikasema anapenda mpira. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Tangu siku ile hunitumia salamu za "vijana wetu," na kwa kuwa mwaka huu tumeruhusiwa kwenda na familia, juzi ameniandikia kwamba hatimaye watakutana, na kwamba mwanawe atabeba mpira.

Nilimwambia mume wangu kuhusu fomu, siyo kuhusu ule uongo. Akasema, "Andika mmoja. Tuna mtoto mmoja. Mambo ya ndani hayaandikwi kwenye jarida." Akainuka akaenda kuoga. Ni mtu mwema, Shangazi, nisije nikamchafua. Ila tangu tumzike mtoto wetu hajawahi kulitaja jina lake mbele yangu. Na bado, mwaka jana, nilipokuwa natafuta leseni yake ya udereva kwenye pochi yake ya zamani, nilikuta nyuma ya leseni ule utepe wa plastiki wa hospitali, wa kufungwa mkononi, umeandikwa jina langu na neno "mtoto." Umefifia. Niliurudisha ulivyokuwa. Sijamwambia kwamba niliuona.

Nikiandika mmoja, najihisi kama mama anayemkana mwanawe. Nikiandika wawili, mume wangu ataona nimemvua nguo hadharani, na mwenzangu yule atajua nilimdanganya. Nisipoandika kitu, lile toleo la 2016 ndilo linabaki kuwa neno langu la mwisho kwa watu 84. Nifanye nini? Na je, niende?

Mwisho wa kurudisha fomu ni wiki tatu kuanzia leo.

Mama wa Wawili, au Mmoja

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Miaka kumi imepita lakini pole yako haijachelewa, maana nikihesabu vizuri naona kwamba ulipewa pongezi 31, na pole sijui kama ulipewa hata tano.

Barua yako niliisoma jioni nikairudia asubuhi. Jioni niliona matatizo matatu: fomu, uongo wa semina, na mume asiyesema. Asubuhi nikaona kwamba yote matatu yanamzunguka mtu mmoja, yule mvulana mwenye nywele nyingi. Jarida lilimtangaza kabla hajafika, halafu hakuna aliyewahi kutangaza kwamba alifika na akaondoka. Umekaa katikati ya matangazo hayo mawili, moja lililochapishwa na moja ambalo halikuandikwa, muda wote huu. Sikushangaa kwamba kisanduku cha nne kinakushinda.

Niruhusu niguse baadhi ya maneno yako, taratibu, kwa sababu kuna mengine sikubaliani nayo.

Umeandika kana kwamba ulilidanganya darasa zima. Hebu turudi mwezi wa pili 2016. Ulikuwa mjamzito? Ndiyo. Ulikuwa umeanza masomo? Ndiyo. Ulitarajia mtoto mwezi wa tano? Ulimtarajia kwa moyo wote, hata ukafuta neno "sana" ili habari yake ienee. Kila neno lilikuwa kweli siku ulipoliandika. Kilichofuata ni kifo, na mtu hawi mwongo kwa sababu kifo kilifika kabla ya jarida. Naomba uliondoe hilo kwenye mzigo wako, maana naona unalibeba pamoja na lile la semina kama vile ni kitu kimoja.

La semina ni tofauti, na sitakuambia halikutokea. Ulisema jambo ambalo halipo. Ila nimelifikiria sana lile jibu, "la pili." Hukubabaika, wala hukuhitaji kupiga hesabu. Hesabu ulikuwa nayo tayari. Mwanangu, nadhani umekuwa ukimpandisha darasa kimyakimya kila mwaka, na siku ile mtu wa kwanza alikuuliza swali ambalo mama yeyote hungoja kuulizwa. Simaanishi kwamba mwenzako hastahili ukweli. Namaanisha tu kwamba unapojihukumu, ujue uliyekuwa ukimlinda ni nani.

Kuna mtaalamu wa Marekani anayeitwa Kenneth Doka, ambaye mwaka 1989 aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi nafasi: mtu amefiwa, lakini msiba wake hauhesabiwi kuwa msiba, basi hakuna anayemkalia matanga wala kumuuliza hali. Watoto wanaofariki kabla ya kuzaliwa wanaangukia humo mara nyingi mno. Na si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wameshafariki baada ya wiki 28 za ujauzito. Katika watu 84 wa darasa lako, wenye ndoa na ndugu na miaka 20 mgongoni, sidhani kama ni wewe peke yako unayesitasita mbele ya kisanduku hicho. Huenda hata huyo anayekusanya fomu anajua ni nani mwingine aliyechelewa, na kwa nini.

Hapo naingia kwenye fomu yenyewe, kwa sababu nina neno nayo. Mwanasaikolojia Bernice Neugarten, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba kila jamii ina saa yake ambayo haionekani: wakati wa kumaliza masomo, wakati wa kuoa au kuolewa, wakati wa kuzaa, wakati wa kupanda cheo. Mtu akichelewa kwa saa hiyo hujiona amekosea hata kama hajamkosea yeyote. Fomu ya wahitimu ni saa hiyo imechapishwa kwenye karatasi. Inauliza ulifika lini na uko na nani. Haina kisanduku cha kilichokukuta njiani.

Wala haikulazimika kuwa hivyo. Jumuiya ya wahitimu inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote zilizopo leo ni ya Chuo cha Williams, Marekani, na iliundwa mwaka 1821 wakati chuo kikiwa karibu kufa, baada ya mkuu wake kuondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine. Wahitimu wale waliitana kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimevunjika, wakaja kukishika. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila ninapopata barua ya mtu anayeogopa kukutana na wenzake wa chuo kwa kuwa maisha yake hayakunyooka.

Kuhusu kazi yako nitapita haraka, kwa sababu naamini unalo jibu. Unasema mkono unakuwa mzito kuandika maabara ya watu wanne. Lakini katika barua nzima, sentensi yenye utulivu kuliko zote ni ile ya chupa za sampuli na jokofu linalonguruma. Kuhusu shahada ya uzamivu, Baraza la Shahada za Juu la Marekani lilitoa takwimu mwaka 2008 zilizoonyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa wameanza, ni takribani asilimia 57 tu waliokuwa wamemaliza baada ya miaka 10. Wengi huacha katikati, na wengi wao hawakuwa wamezika mtoto mwaka uleule. Nakuuliza tu: je, unayasikitikia masomo yenyewe, au unasikitika kwamba watu wanadhani uliyamaliza? Kama ni la kwanza, milango ya aina hiyo wakati mwingine hufunguka tena, na lina mazungumzo yake siku nyingine. Kama ni la pili, basi "ninasimamia maabara ya kupima maji" ni maneno matano, na kila moja ni la kweli.

Sasa mume wako. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu.

Unamsikia akisema "tuna mtoto mmoja" na unaelewa kwamba kwake yule wa kwanza hakuwa mtoto. Inawezekana. Lakini mtu ambaye hakuwa na mtoto habebi utepe wa mkononi nyuma ya leseni kwa miaka kumi. Leseni huisha muda, hubadilishwa, pochi huchakaa, na kila mara inabidi mtu aamue upya kukihamisha kitu kile au kukiacha pale. Ukaukuta kwenye pochi ya zamani, bado uko nyuma ya leseni. Sijui alikuwa akifikiria nini, na wewe pia hujui, na nadhani hapo ndipo penye kazi. Aliposema mambo ya ndani hayaandikwi, huenda anaogopa aibu. Huenda anaogopa pole za watu 84 ambao hawakuwepo. Huenda anaogopa kukuona wewe ukirudi ulikokuwa mwaka ule. Wapo wanaume wanaofikiri kwamba kulitaja jina ni kukifungua kidonda cha mke, wakati mke anakaa usiku na fomu akitamani mtu mmoja tu alitaje.

Kwa hiyo swali la kumuuliza pengine halianzii kwenye fomu. Ukianza na "niandike mmoja au wawili?" unamdai uamuzi, na uamuzi ameshautoa, akaenda kuoga. Ungeweza kuanza na utepe. Hilo nalo lina hatari yake: anaweza kujiona amepekuliwa, siri yake pekee imeguswa. Utajua mwenyewe ni saa gani na sauti gani. Wengine huongea vizuri zaidi garini, macho yakiwa barabarani. Wengine gizani. Na ikiwa atanyamaza, ukimya wake hautakuwa na maana kwamba umekosea kuuliza.

Tuziangalie njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia.

Unaweza kuandika wawili, waziwazi, kwa sentensi moja, kwa mfano kwamba mtoto wenu wa kwanza alizaliwa akiwa ameshafariki Aprili 2016, na sasa mnalea binti wa miaka 6. Wapo waliofanya hivyo wakasema walipumua kwa mara ya kwanza. Uzito wake ni kwamba neno likichapishwa huwezi kuchagua nani alisome wala atalijibuje. Utapokea pole nyingi kwa pamoja, nyingine nzuri, nyingine za ovyo, na itabidi uwe na nguvu za siku hizo. Na kama mume wako hajaridhia, sentensi iliyokusudiwa kumrudishia mtoto wenu nafasi yake inaweza kufungua ufa kati ya watu wawili pekee waliomshika.

Unaweza pia kuandika yaliyopo tu, bila kuhesabu. "Ninaishi na mume wangu na binti yetu wa miaka 6." Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna aliyekanwa, maana hujajibu swali la wangapi. Kisanduku kinataka idadi, lakini fomu si mahakama, unaweza kuliacha swali ukaandika unachotaka. Nakuonya tu kwamba wale wenye kumbukumbu ya 2016 watasoma na kujiuliza, na mmoja au wawili watakuja kukuuliza ana kwa ana. Njia hii inafaa kama unayo sentensi tayari kwa ajili yao.

Kutorudisha fomu kabisa nako kunawezekana, na si kosa. Lakini wewe mwenyewe umeshaeleza kwa nini kunakusumbua.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sikuliona kwenye barua yako. Rafiki yako mliyekaa naye chumba kimoja ndiye mkusanyaji. Amekuandikia "umebaki wewe tu, mwenzangu," na wewe umelisoma kama shinikizo. Je, anajua? Kama hajui, unaweza kumpigia simu kabla ya kumrudishia chochote, ukamwambia yeye kwanza, kama rafiki. Anaweza kukuongezea siku. Anaweza kukusomea sentensi yako kwa sauti ukasikia inavyosikika. Mtu mliyelala chumba kimoja miaka mitatu ameshakusikia ukilia usiku zamani, hata kama ilikuwa ni kwa ajili ya mtihani.

Yule mwenzako wa semina ndiye ninayekushauri usimwache mpaka siku ya kukutana. Sijasema umwandikie kesho. Nasema tu fikiria jinsi atakavyopata habari. Akiisoma kwenye jarida, au akiisikia uwanjani huku mwanawe ameshika mpira, atafadhaika, na wewe utalazimika kueleza jambo zito mbele ya watu ukiwa umesimama. Ukimwambia mapema, kwa simu au kwa ujumbe mfupi, unaweza kuchagua maneno. Pengine kama haya: "Siku ile ulipouliza, sikuweza kusema. Mwanangu alizaliwa akiwa ameshafariki. Nilijibu kama vile yupo kwa sababu nilitamani awepo. Nisamehe." Anaweza kukasirika kidogo. Anaweza kulia. Anaweza kuwaambia wengine, na hilo ulipime, maana unamfahamu kuliko mimi. Huenda pia akakuuliza jina lake. Jitayarishe kwa hilo, kwa sababu wakati mwingine wema hutushinda kuupokea kuliko lawama.

Na sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Binti yako anajua kwamba alikuwa na kaka?

Sikuulizi kukulaumu. Ana miaka 6, anasikia kila kitu, na mnafikiria kwenda naye mahali ambapo watu kadhaa wanaamini ana kaka wa miaka 10. Mtu mzima mwenye nia njema kabisa atainama, atamshika bega na kumuuliza, "Kaka yako yuko wapi leo?" Ningependa swali hilo lisiwe mara yake ya kwanza kusikia. Watoto wa umri wake wanaelewa maneno mafupi na ya wazi kuliko mafumbo. Ukimwambia kaka "amelala" au "amesafiri," anaweza kuogopa kulala au kuanza kumsubiri. "Alifariki kabla hujazaliwa, tulimpenda, na wewe pia tunakupenda" inatosha kwa kuanzia, kisha mwache aulize atakachouliza. Atauliza mambo yatakayokushangaza. Atauliza kama alikuwa na meno. Ikiwa hampendi kumweleza kabla ya siku hiyo, basi hilo nalo ni sababu halali ya kwenda bila yeye, au ya kutokwenda mwaka huu.

Kuhusu kwenda, basi, ningelitenga kabisa na fomu. Unaweza kujaza usiende. Unaweza kwenda bila kujaza. Unaweza kwenda saa mbili tu, na mume wako akiwa tayari na ufunguo wa gari mfukoni, mkiwa na neno mlilokubaliana la kuondoka. Unaweza kukutana na rafiki zako watatu tu siku ya pili, mahali pengine penye utulivu. Pale Harvard, kuanzia mwaka 1938, watafiti waliwafuatilia vijana 268 wa chuoni kwa maisha yao yote, wakawatumia maswali takribani kila miaka miwili kuhusu kazi, ndoa na afya, karibu kama fomu yako ila kwa miongo. Walikuwa wanaume watupu, basi hatuwezi kuwapima watu wote kwao. Ila kilichojitokeza, na kilichoendelea kujitokeza utafiti ulipopanuliwa, ni kwamba waliozeeka wakiwa na afya na furaha ni wale waliokuwa na watu wa karibu wa kuwaegemea, zaidi ya wale waliokuwa na vyeo. Watu wa karibu, mwanangu, si watu 84. Jiulize katika darasa lile ni nani hao, na kama siku ya kukutana itakusogeza kwao au itakuficha kwao.

Una wiki tatu. Kama ningekuwa jirani yako ningekuomba wiki ya kwanza usiifungue fomu kabisa. Chukua karatasi ya kawaida, isiyo na visanduku, uandike kwa mkono habari za familia yako jinsi unavyozijua, bila kuhesabu maneno. Uandike na kucha. Usiwe na mpango wa kumwonyesha yeyote. Halafu, kama moyo utakuruhusu, iache karatasi hiyo mahali ambapo mume wako anaweza kuiona, au msomee, au iweke tu kwenye droo. Katika wiki ya pili utakuwa unajua zaidi kuhusu kisanduku cha nne kuliko mimi ninavyoweza kukuambia leo.

Ukiona usiku unakuwa mrefu kupita kiasi, hulali, au mawazo yanakupeleka pabaya, usisubiri wiki hizo ziishe. Tafuta mshauri wa wafiwa au daktari unayemwamini. Na ikiwa mtapenda kumkumbuka kwa utulivu, nyinyi wawili au watatu, iko tarehe 15 Oktoba, ambayo katika nchi nyingi ni siku ya kuwakumbuka watoto waliofariki tumboni au wakiwa wachanga. Wengi huwasha mshumaa saa moja jioni. Hakuna fomu.

Jina la mwanao hukuliandika kwenye barua, na umefanya vizuri, hapa panasomwa na wengi. Lakini ikifika siku ukataka mtu alisome, liandike kwenye karatasi peke yake unitumie, bila maelezo yoyote. Sitalichapisha. Nitalisoma kwa sauti, hapa mezani kwangu.

Shangazi yako